Jani Halikutoa Ushahidi Huo

Limezoeleka siku hizi katika madarasa ya sayansi, na hata katika baraza za watu wasio na haja kubwa na sayansi, neno hili: ya kuwa jani la mti ni chombo cha hesabu cha kikwanta, ya kuwa nishati ya jua ikiingia ndani yake haiendi kama mpita njia aendavyo, hatua baada ya hatua, bali hupita njia zote kwa wakati mmoja kama wimbi, kisha ikachagua iliyo fupi, na ya kuwa kwa sababu hiyo jani halipotezi kitu. Ni maneno mazuri. Mimi mwenyewe niliyafundisha kwa miaka mingi, na niliyafundisha kwa furaha. Makala haya nayaandika ili kuyapinga, wala siombi radhi kwa ukali wake, kwani sehemu kubwa ya ukali huo yanihusu mimi.

Aliyeniamsha alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilikuwa nimekwisha kueleza jaribio mashuhuri la mwaka 2007, na ubao wote umejaa mawimbi, ndipo akanyosha mkono akauliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, jani hilo lilikuwa la mti gani?" Nikanyamaza. Halikuwako jani. Kilichopimwa siku ile kilikuwa ni protini iliyotolewa katika bakteria wa salfa wa kijani, Chlorobaculum tepidum, kiumbe aliyepatikana kwanza katika chemchemi ya maji moto ya New Zealand. Na protini hiyo ilipimwa katika baridi ya kelvini 77, yaani digrii 196 chini ya sifuri, baridi ya naitrojeni iliyogeuzwa maji. Basi kiumbe wa maji moto akagandishwa, akapimwa, na sifa zake wakapewa mwembe na mpunga. Nami nilikuwa miongoni mwa waliozigawa.

Haki itendeke kwanza. Graham Fleming na wenziwe wa Berkeley, California, akiwamo Gregory Engel ambaye jina lake ndilo lililotangulia katika makala yao, hawakuwa wapiga ramli. Protini waliyoichagua, iitwayo FMO kwa herufi za kwanza za majina ya Fenna, Matthews na Olson, yafahamika kuliko nyingi: umbo lake lilichorwa mwaka 1975, na ilikuwa ya kwanza kati ya protini zenye klorofili kuchorwa hivyo kwa miali ya eksirei. Kila fungu lake lina molekuli saba za bakterioklorofili, na ya nane iliyotambuliwa baadaye. Wanavyuoni hao waliipiga protini hiyo kwa mianzi mitatu mifupi mno ya mwanga wa leza, wakaipokea alama iliyotoka, wakaona alama hiyo ikipanda na kushuka kwa mapigo, na mapigo yakadumu femtosekunde 660 na zaidi. (Sekunde moja ikigawanywa mafungu milioni moja, na kila fungu likagawanywa tena mafungu bilioni moja, fungu moja la mwisho ndilo femtosekunde.) Nadharia iliyozoeleka ilitazamia mapigo ya elektroni yafe mapema kuliko hapo. Wakasema basi ya kuwa huenda jambo hili laeleza wepesi wa nishati kufika mahali pake, wakalifananisha na utafutaji wa kikwanta. Neno "huenda" lilikuwamo. Ni sisi wafasiri na walimu tuliolidondosha njiani.

Kabla ya kwenda mbele yanipasa nilitengeneze neno nitakalolitumia, maana nusu ya fujo hii ni fujo ya maneno. Wako wenzetu wanaopenda kusema "mshikamano wa kikwanta". Mimi sikubali. Mshikamano ni wa watu wenye nia moja, au wa vitu vilivyogandana; mawimbi hayashikani, bali hupatana au huhitilafiana. Nasema basi "upatano". Wapigaji ngoma kumi wakianza kwa ishara moja, mapigo yao hupatana. Lakini kila mmoja akiuachia mkono wake, baada ya kitambo mapigo hutawanyika, na msikilizaji hasikii tena mdundo ila mchafuko wa sauti. Ule muda kabla mapigo hayajatawanyika ndio udumu wa upatano. Huo ndio upatano wa wakati, na ndio uliodaiwa mwaka 2007.

Walakini upo upatano wa pili, nao ni wa mahali. Molekuli mbili za klorofili zikiwa karibu sana, mwanga ukizifikia, msisimko hauwi wa hii wala wa ile, bali huwa wa zote mbili kwa pamoja, kama deni la wabia. Hali hii yaweza kudumu hata kama hakuna pigo lolote linalosikika. Anayethibitisha upatano wa mahali hajathibitisha bado upatano wa wakati, na anayeubatilisha wa wakati hajaubatilisha wa mahali. Vitabu vyetu vyauita upatano huu na huu kwa jina moja, ndipo hoja ya mmoja ikabebwa na ushahidi wa mwingine. Nimesahihisha tasnifu tatu zenye kosa hilo hilo, na kosa hilo lilitoka katika maandiko yangu ya darasani.

Sasa tazama yaliyotukia baada ya 2007. Mwaka 2010 kundi la Engel lilisema mapigo ya FMO yalionekana hata katika kelvini 277, kwa muda wa femtosekunde 300 au zaidi. Na mwaka huo huo kundi la Gregory Scholes, huko Toronto, likatangaza mapigo katika mwani wa baharini kwa joto la kawaida. Sherehe ikazidi. Lakini swali dogo lilikuwa halijajibiwa: mapigo hayo ni ya nani? Kwani molekuli nayo ina mifupa yake; atomu zake hutikisika, na mtikisiko huo nao hupiga kwa mpango wake, tena hudumu sana kuliko upatano wa elektroni. Aliyesimama nje ya ua akisikia mdundo ukiendelea aweza kudhani wapigaji wangali wamepatana, kumbe ngoma imekwisha, na anachokisikia ni njuga za miguuni mwa mchezaji.

Mwaka 2017 Hong-Guang Duan, Dwayne Miller, Michael Thorwart na wenzao waliipima FMO katika joto la kawaida, wakakuta upatano wa elektroni hufa kwa muda wa femtosekunde 60 hivi. Na kichwa cha makala yao kilisema waziwazi ya kuwa maumbile hayategemei upatano mrefu wa elektroni katika kusafirisha nishati ya usanisinuru. Mwaka 2018 Erling Thyrhaug, Donatas Zigmantas na wenzao walirudi katika baridi ile ile ya kelvini 77, wakatenganisha mapigo moja moja, wakaona ya kuwa hata huko yale ya elektroni yamekwisha kabla ya femtosekunde 240, na yaliyobaki baada ya hapo yote ni ya mtikisiko. Mwaka 2020 wanavyuoni kumi na wanane wakaandika pamoja mapitio ya suala zima, wakalifunga hivyo hivyo. Miongoni mwao alikuwamo Tomáš Mančal wa Prague, ambaye jina lake limo pia katika makala ya 2007. Sioni aibu yoyote katika jambo hilo kwake. Aibu ni yetu sisi tulioyasoma makala ya kwanza tu, tukaona yatosha.

"Lakini," husema wapenzi wa kisa kile, "kama si upatano, ni nini basi kinacholifanya jani lisipoteze nishati?" Hapa ndipo ninapowashangaa zaidi, kwa sababu jibu lilikuwapo zamani. Mwaka 1932 Robert Emerson na William Arnold walionyesha ya kuwa kwa kila molekuli moja ya oksijeni itolewayo kwa mmuliko mfupi wa taa, ziko molekuli zipatazo 2,480 za klorofili. Maana yake ni kwamba klorofili nyingi hazifanyi kazi ya kemia. Kazi yao ni kukusanya nishati na kuipokeza mpaka ifike kwa zile chache zinazoifanya. Na namna ya kupokezana, molekuli kwa molekuli, Theodor Förster alikwisha kuieleza kwa hesabu miaka ya 1946 na 1948. Sasa chukua chaki. Katika bakteria wa zambarau safari yote, tangu mwanga kumezwa mpaka nishati kunaswa katika kitovu cha kemia, huchukua kama pikosekunde 50. Msisimko ulioachwa bila pa kwenda huishi kama pikosekunde 1,000 kabla haujapotea wenyewe. Hamsini kwa elfu ni asilimia tano. Basi asilimia tisini na tano hufika salama, kwa mwendo wa kawaida wa mpita njia, kwa sababu tu njia ni fupi na siku ni ndefu. Muujiza uliotafutiwa sababu haukuwa muujiza.

Tena tuangalie ufanisi huo wenyewe unaosifiwa. Ni ufanisi wa hatua ya kwanza tu. Xin-Guang Zhu, Stephen Long na Donald Ort walikokotoa mwaka 2008 ya kuwa mmea wa aina ya mpunga na ngano hauwezi kuhifadhi zaidi ya asilimia 4.6 ya nishati ya jua, na mmea wa aina ya mahindi na mtama asilimia 6, hata mambo yote yakienda sawa. Na shambani mambo hayaendi sawa. Mtu anayewaambia vijana ya kuwa jani ni kamili kwa asilimia tisini na tisa awaambie pia mkulima alipata gunia ngapi.

Nimesema ya kubomoa. Sasa niseme ninachokitaka mimi. Nataka, pale tunapodai kujua mambo ya siri yaliyomo ndani ya molekuli, tuiulize molekuli yenyewe kwa kitu inachokitoa yenyewe. Kitu hicho ni mwanga. Klorofili iliyomeza mwanga ikakosa pa kuupeleka huutoa tena, mwekundu. Si mwanga wa kuakisiwa kama wa kioo, bali ni mwanga mpya uliozaliwa ndani yake. Wataalamu huuita fluoresensi. Mimi nitauita mng'aro.

Ye yote aweza kuuona. Chukua fungu la mchicha, utwange, utie spiriti, uchuje kwa kitambaa mpaka upate maji ya kijani safi. Zima taa, kisha yamulike kwa tochi ya mwanga wa urujuani, ile wanayokagulia noti za fedha. Maji ya kijani yatakuwa mekundu kama damu. David Brewster aliliona jambo hili mwaka 1833 kwa mwali wa jua. George Stokes akalieleza mwaka 1852, na ndiye aliyeipa fluoresensi jina lake. Kisha, na hili ndilo la kutazamwa, limulike jani zima kwa tochi ile ile. Hutaona kitu, au utaona wekundu hafifu mno. Ndani ya spiriti protini zimevunjika, njia zimekatika, na nishati haina ila kurudi nje; ndani ya jani lililo hai njia zipo, na nishati huenda kazini, isipokuwa sehemu ndogo, yapata mia kwa moja au mbili, ambayo huponyoka kwa mng'aro. Nimewaonyesha wanafunzi wangu tendo hili baada ya miaka mingi ya kuwachorea mawimbi ubaoni, nikaona macho yao, nikajua ni ipi kati ya njia hizi mbili iliyokuwa elimu.

Huo mng'aro mdogo unaoponyoka ndio shahidi wangu. Najua pingamizi litakalotolewa mara moja. Mng'aro hutoka baada ya nanosekunde, yaani baada ya femtosekunde mamia ya elfu, pengine milioni. Upatano uliodaiwa umekwisha zamani. Shahidi aliyefika mjini jioni atatuambiaje yaliyotukia alfajiri? Pingamizi hili lina nguvu, na wengi hulikimbia. Jibu lake ni kwamba hatumwulizi shahidi huyo alifika saa ngapi. Twauliza wamefika wangapi. Molekuli ipigwe mwali wa kwanza, kisha baada ya muda mfupi uliopimwa ipigwe wa pili. Ikiwa wimbi lililoachwa na mwali wa kwanza lingali limepatana na wa pili, misisimko huongezeka. Likiwa limehitilafiana nao, misisimko hupungua. Likiwa limekwisha kutawanyika, wa pili haujali kabisa kama wa kwanza ulikuja. Idadi ya misisimko huonekana baadaye katika idadi ya fotoni za mng'aro, hata zikichelewa namna gani. Badili muda kati ya miali, hesabu fotoni, na mchoro utajitokeza.

Njia hii ina tunu ambayo ile ya 2007 haikuwa nayo. Alama iliyopokewa Berkeley ilitoka kwa umati wa molekuli kwa pamoja, na katika umati sauti ya mmoja haisikiki. Mng'aro huonekana juu ya giza, basi molekuli moja yatosha. Mwaka 1999 Antoine van Oijen na wenzake wa Uholanzi waliziangalia protini za LH2 za bakteria wa zambarau moja moja, katika baridi ya kelvini 1.2, kwa kuhesabu mng'aro wao. Protini hii ina pete mbili za bakterioklorofili, moja ya molekuli 9 na nyingine ya 18. Katika pete ndogo waliona kila molekuli ikimeza mwanga peke yake, kama majirani wasiosalimiana. Katika pete kubwa waliona msisimko ulioenea, ulio mali ya wengi. Hapo upatano wa mahali ulionekana kwa macho, bila pigo wala mdundo. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1997, René Monshouwer na wenzake walikuwa wamekwisha kuupima kwa njia nyingine iliyo nyepesi zaidi: molekuli zinazoshirikiana msisimko hutoa mng'aro kwa haraka kuliko iliyo peke yake, na LH2 katika joto la kawaida ilionekana kutoa kwa nguvu ya karibu mara tatu. Si molekuli kumi na nane zote, wala si moja. Ni kama tatu. Hiyo ni hesabu ya kiasi, na mimi naiheshimu kuliko sherehe yote ya 2007 na 2010.

Ajabu ni kwamba katika mwaka huo huo wa 2007, Patrick Tekavec, Geoffrey Lott na Andrew Marcus wa Oregon walitangaza chombo cha miali minne kinachosoma upatano kwa mng'aro. Walikijaribu kwanza juu ya mvuke wa rubidiamu, wala si juu ya kiumbe hai. Ni wachache waliowataja magazetini. Mwaka 2018 kundi la Jennifer Ogilvie, huko Michigan, liliitumia njia ya jamaa hiyo pamoja na darubini, likaweza kutofautisha bakteria waliolelewa katika mwanga mwingi na waliolelewa katika mwanga haba, wakiwa wamechanganywa pamoja.

Nisije nikamtetea shahidi wangu kwa upofu niliokuwa nao kwa yule wa kwanza. Mwaka 2013 Richard Hildner, Niek van Hulst na wenzao, karibu na Barcelona, walizipima LH2 moja moja katika joto la kawaida kwa miali miwili na mng'aro, kama nilivyoeleza, wakaona mapigo yaliyodumu femtosekunde 400 au zaidi, tena vipindi vyake vikatofautiana kutoka protini hii hadi ile. Kazi ni nzuri mno. Lakini swali la njuga lawahusu nao pia: mng'aro peke yake hausemi kama pigo ni la elektroni au la mtikisiko. Na Richard Cogdell wa Glasgow, aliyeshiriki katika kazi hiyo, ameshiriki pia katika ile ya 2017 na yale mapitio ya 2020. Mwaka 2019 Khadga Karki, Tõnu Pullerits na wenzao wa Lund walisoma LH2 kwa miali minne na mng'aro, wakasema ya kuwa hapo mwanzo kabisa, kabla mpokezano wa Förster haujaanza, msisimko ni wa pete mbili kwa pamoja. Lakini mwaka mmoja kabla yake Pavel Malý na Mančal walikuwa wamekwisha kuonya: misisimko miwili ikikutana katika protini moja, mmoja humla mwenziwe, na mng'aro hutoka kwa mmoja tu, kwa hiyo alama ya ushirika yaweza kuonekana katika hesabu ya fotoni hata pale ambapo hakuna ushirika wowote. Mabishano hayo ni halali, na hayo ndiyo ninayotaka wanafunzi wetu wayasome: ushahidi, na shaka juu ya ushahidi, kwa ukurasa mmoja.

Kuna hoja nyingine ambayo mng'aro wasaidia kuipima. Wapigaji ngoma wetu walipewa ishara ya kuanza. Ishara hiyo ni mwali wa leza. Jua halitoi ishara. Mwanga wake ni mchafuko, hauna alfajiri ya femtosekunde, na Paul Brumer wa Toronto amelisisitiza hilo kwa miaka mingi: molekuli iliyo chini ya jua haianzishwi kwa mdundo, basi hapana mdundo wa kufa wala wa kudumu. Tena jua lenyewe, hata la adhuhuri, huipa klorofili moja fotoni kama kumi tu kwa sekunde. Mwaka 2023 Quanwei Li, Fleming na Birgitta Whaley na wenzao waliipa LH2 fotoni moja moja kwa hesabu, na kila moja ikiwa imetangazwa na pacha wake, wakaonyesha ya kuwa fotoni moja ikimezwa yatosha kuanzisha mwendo mzima mpaka fotoni moja ya mng'aro itoke. Ni Fleming yule yule wa 2007. Jaribio hili halikudai upatano mrefu, wala chombo cha hesabu. Lilihesabu kilichoingia na kilichotoka.

Nageukia sasa upande wa pili, kwa maana wamekwisha kuanza kunipigia makofi, na makofi yao siyataki. Hao ni wale wasemao: basi kwanta haina kazi katika usanisinuru, ni uzushi wa Wazungu wenye leza za bei kubwa. Sikusema hivyo. Bakterioklorofili iliyo peke yake katika kimiminiko humeza mwanga wa urefu wa nanomita 770 hivi. Ndani ya pete kubwa ya LH2 humeza nanomita 850. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni upatano wa mahali, ni msisimko ulioshirikiwa, na haielezeki kwa elimu nyingine. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa nishati mteremko wa kuporomokea kutoka pete hadi pete. Kwanta imo, imo katika rangi yenyewe ya kiumbe. Isiyomo ni ngano ya wimbi linalopita njia zote na kuchagua iliyo bora.

Na hata FMO haikaangwi na jua moja kwa moja. Katika bakteria mwenyewe, protini hiyo ni daraja kati ya ghala kubwa la klorofili, linaloitwa klorosomu, na kitovu cha kemia. Nishati huifikia kwa kupokezwa kutoka ghala hilo. Nani basi angempa mpigaji wetu ishara? Jamaa mmoja wa bakteria hawa huishi katika Bahari Nyeusi, kina cha mita 100 hivi, mahali ambapo mwanga ni karibu na hakuna. Maisha yake ni ya subira kubwa, na hilo lingetosha kutustaajabisha bila kuongezewa.

Mnaweza kuniuliza kwa nini ugomvi huu niulete katika jarida la insha za Kiswahili, nisiupeleke kwa wanafizikia. Sababu ni kwamba kwa Kiswahili mambo haya hufika mara moja tu. Kwa Kiingereza kosa la 2007 lilifuatwa na masahihisho ya 2017, 2018 na 2020, na msomaji mwenye bidii huyapata yote rafuni mamoja. Kwetu mtu hufasiri kisa kitamu, kisa huingia kitabuni, na masahihisho hayafasiriwi na mtu, kwani masahihisho si matamu. Kijana wa kidato cha sita akakisoma, akaja Chuo Kikuu akitaka kutumia miaka yake mitatu kutafuta upatano mrefu katika jani la muhogo. Nimemwona kijana huyo; si mmoja. Mmoja wao aliandika ombi la fedha kwa maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, akanyimwa, na barua aliyojibiwa ilisema kwa upole ya kuwa mwombaji hakuonekana kujua yaliyoandikwa baada ya 2010. Alinionyesha barua hiyo bila kunilaumu. Sijui kama yeye alijua ilikuwa yangu.

Tangu siku ile nimeyafuta maandiko ya darasani nikayaandika upya, na kila mahali palipo na neno "upatano" nimeandika ni upi, umepimwa kwa nini, na katika joto gani.

Yule mwanafunzi aliyeuliza juu ya jani yuko mwaka wa tatu sasa. Juma lililopita alinijia na chupa tano za maji ya mchicha, amezipanga kuanzia hafifu hadi nzito, akanionyesha kwa tochi ya noti ya kuwa ile nzito kuliko zote ndiyo yenye mng'aro mdogo. Akauliza: klorofili za ndani ya jani zimesongamana kuliko hizi za chupani, mbona humo hazizimani zenyewe kwa zenyewe? Swali hilo limewasumbua wakubwa kwa miaka mingi, na jibu lake limo katika namna protini inavyozishika molekuli hizo na kuzipangia umbali na mkao. Nimemwambia azirudie chupa zake, aongeze spiriti kidogo kidogo, aandike kila kipimo pamoja na joto la chumba, kisha aje Jumatano.